Nyuma ya Fomu ya Herlinda

Mama yangu alisaini fomu ya njano akidhani ni ya maziwa.

Watu huniuliza hasira yangu ilianzia wapi, kana kwamba ni homa. Ilianzia hapo, Septemba ya mwaka 1965, kwenye dirisha la karani wa shule. Kila mwaka walikuwa wakitoa fomu ya maziwa na chakula cha mchana, na kila mwaka mama aliandika jina lake chini, Cleofas Urrutia, herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwaka ule fomu zilikuwa mbili, zote za Kiingereza. Karani akaonyesha kwa kidole: hapa na hapa. Mama akaandika hapa na hapa, akashukuru, akarudi shambani kwenye vitunguu.

Jumatatu iliyofuata dada yangu Herlinda, mwenye miaka saba, akatolewa darasani akapelekwa chumba cha mwisho, kile kilichopakana na stoo ya mafagio. Humo waliwekwa watoto ambao shule ilikuwa imeamua kwamba akili zao hazikutimia. Walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa wetu, wa kambi ya vibarua wa mashambani, waliosema Kihispania nyumbani. Walipaka rangi picha za bata. Walipanga vifungo kwa ukubwa. Saa nne waligawa maziwa kwa madarasa mengine, na saa nane wakafuta mbao za wenzao. Herlinda alifanya hivyo miaka sita.

Asubuhi, kengele ikilia, alikuwa akijipanga kwenye mstari wa watoto wa umri wake. Anatembea nao korido nzima, nyuma ya Ofelia wa nyumba ya tatu, hadi mlangoni kwao. Wao wanaingia, yeye anaendelea peke yake hadi mwisho. Walimu walimkataza mara nyingi, na kesho yake akajipanga tena. Jioni alikuwa akimwomba Ofelia amwonyeshe kitabu chao cha sayansi, chenye mlima unaotapika moto, akashika ukurasa ule kwa vidole viwili tu ili usichafuke.

Mimi sina cheti cha kuning'iniza ukutani. Sheria nilijifunza kwenye vijitabu vya chama cha vibarua, nimekaa juu ya makreti ya zabibu saa ya chakula, nikiwa na kamusi iliyokosa jalada. Siku nilipoweza kuisoma nakala ya ile fomu ya njano nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilizunguka kambi yote mlango kwa mlango, nikawaambia: msisaini chochote cha shule. Hata wakileta karatasi ya kusema jua limechomoza, msisaini. Watu walinielewa. Mama yangu alielewa kuliko wote. Aliweka mkono kifuani akasema, "Mkono huu hautaandika tena kitu chao." Nikajiona nimefanya kazi.

Mwezi wa tano mwaka 1971, siku ya Jumanne, gari dogo la kijivu likaingia kambini. Wakati huo mahakama ilikuwa imeshasema: watoto wa vyumba vile wapimwe upya, kwa lugha ya nyumbani kwao. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vya kisigino kifupi, ameshika sanduku la ngozi kama la fundi saa.

"Habari za mchana," akasema kwa Kihispania. "Naitwa Amparo Tijerina. Mimi ni mwanasaikolojia wa shule."

"Nani mgonjwa?" akauliza jirani yetu Mama Eduviges, aliyekuwa akianika nguo.

"Hakuna mgonjwa, mama."

"Basi umepotea njia. Wanaokuja hapa na sanduku ni wa bima, wa dini, na wa kutupima choo. Wewe wa nini?"

"Wa kumpima Herlinda."

Nikatoka. Nilikuwa nikiota siku ya kumkamata mtu wa namna hii, na sasa amejileta. Nikamuuliza analipwa na nani. Akasema na ofisi ya elimu ya wilaya. Nikamuuliza ni ofisi ipi iliyomtia dada yangu stoo. Akasema ni hiyo hiyo.

"Na huoni haya?"

"Naona," akasema. "Naona haya katika shule thelathini na moja, maana niko peke yangu. Chakula changu cha mchana nakila kwenye gari. Umemaliza, kaka, au nisubiri?"

Mama Eduviges akacheka mpaka akaangusha pini za nguo.

Mama akamkaribisha, maana mgeni ni mgeni. Akampa maharage na chapati za mahindi za moto, akamwekea na pilipili ya kukaanga. Bi Amparo akala kama mtu aliyeshinda njaa tangu alfajiri. Kihispania chake kilikuwa cha mpakani mwa Teksas, chenye mabaka. Mara mbili mama alimsahihisha, naye akayarudia maneno kwa adabu.

"Umezaliwa kwetu au kwao?" mama akamuuliza.

"Kwetu. Lakini mama yangu alikataza Kihispania nyumbani ili shule isitusumbue. Nilipopimwa nikapita vizuri. Nimekuja kujifunza tena nikiwa mtu mzima, bibi yangu ameshafariki." Akaiweka chapati chini. "Siku za mwisho alikuwa ananisimulia mambo, mimi naitikia tu. Sijui alisema nini."

Mama akavuta sufuria. Alimwongezea maharage.

Kisha Bi Amparo akatoa fomu. Ilikuwa nyeupe, yenye lugha zote mbili. Akaeleza: bila saini ya mzazi haruhusiwi hata kumuuliza mtoto jina lake. Fomu lazima ifike ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi. Mtoto asiyepimwa mwaka huu atahamishiwa shule ya juu na faili lake kama lilivyo, na huko pia kuna chumba cha mwisho.

Mama akaisogeza fomu kwa ncha ya kidole, ikarudi ilikotoka.

"Mwanangu amesoma sheria," akasema. "Amenikataza."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kwa muda ule nilijivuna. Nakiri. Bi Amparo akanigeukia. Hakubishana. Akafungua sanduku, nikaona mle ndani vibao vya mbao vyekundu na vyeupe, saa ya kubonyeza, na daftari lililojaa mistari iliyofutwa. Alikuwa akiandika maswali upya usiku mezani kwake, maana jaribio la Kihispania lililokuwepo lilitungwa kwenye kisiwa fulani cha mbali wanakosema Kihispania, na matunda yaliyokuwemo hakuna mtoto wa kambi aliyewahi kuyaona. Chini ya daftari akatoa faili la Herlinda la 1965.

"Mzazi ana haki ya kuliona," akasema. "Msomee mama yako."

Jaribio la dakika ishirini. Picha ya kitana kilichong'oka meno. Swali, kwa Kiingereza: kimepungukiwa nini? Yule bwana aliyempima alikuwa ameandika jibu la dada yangu kama masikio yake yalivyolisikia, herufi zilizovurugika, na pembeni sifuri. Sikuelewa. Nikalisoma kwa sauti, nikalisikia. Ni meno. Herlinda alikuwa amesema meno, kwa Kihispania. Picha ya ndoo isiyo na mpini: fujo ya herufi, sifuri. Nikaisoma. Mpini. Picha ya jogoo wa mguu mmoja. Mguu, mama. Alisema mguu. Nikaendelea hivyo ukurasa mzima, majibu kumi na manne, sahihi, sifuri, sahihi, sifuri, na mwisho kabisa bwana yule ameandika: mtoto anatoa sauti zisizo na maana.

Mama alikuwa na donge la unga mkononi. Aliacha kulipiga.

Siku ile nilibadilika, lakini mama hakubadilika nami. Jumatano nilimwomba. Jumatano jioni nikamwomba tena.

"Evaristo," akasema, "mwaka juzi ulisimama juu ya kreti ukasema atakayesaini ni mjinga. Nilikuwa mstari wa mbele. Leo nani mjinga?"

"Hii ni tofauti, mama."

"Na ile walisema ni maziwa."

Mama Eduviges akapaza sauti kutoka kibarazani kwake. "Mwache mama wa watu. Wewe ndiye uliyetufunga mikono, sasa unataka kushikana mikono nasi."

Hotuba zangu zote zilikuwa zimesimama mlangoni mwa nyumba yetu, na Herlinda yuko upande wa ndani. Aliosha vyombo. Alhamisi asubuhi, kabla basi la shule halijafika, alikwenda kusimama mbele ya mama.

"Mama, wenzangu wanamaliza kile kitabu cha sayansi," akasema. "Mimi nataka kukianza tu."

Basi. Akapanda basi.

Alhamisi saa tisa Bi Amparo akarudi. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha kanisani. Akamketisha, akamwambia, "Nisomee. Yote. Na usiruke madogo ya chini."

Bi Amparo akasoma fomu nyeupe, mstari kwa mstari, mara tatu. Mama akisema "hapo," anarudia hapo. Alipomaliza, mama akasema, "Sasa nisomee ile ya njano."

Bi Amparo akanitazama. Mimi nilikuwa nimeisoma ile fomu zamani, nikaihutubia kambi nzima, lakini mama yangu sikuwahi kumsomea neno kwa neno. Sijui kwa nini. Nadhani nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa dharau.

Bi Amparo akaitoa kwenye faili, akasoma. "Mimi, mzazi, nimeelezwa hali ya mtoto wangu. Ninakubali kwamba hawezi kufundishwa pamoja na wenzake kwa sababu ya upungufu wa akili."

"Inasema nimeelezwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani?"

"Haisemi."

"Na chini ni jina langu."

"Ni jina lako."

Nje mbwa wa mtu alikuwa akijikuna kwenye ukuta wa bati. Mama akakaza fundo la kitambaa chake. Kisha akaigeuza ile fomu nyeupe, upande usio na kitu, akaisukuma mbele ya Bi Amparo.

"Andika."

"Mama, wakikuta imeandikwa nyuma wanaweza kuikataa. Na kesho ndiyo mwisho."

"Andika."

Nikapiga magoti. Mimi, niliyesimama mbele ya magari ya polisi, nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo. "Mama, saini mbele tu. Maneno yako nitayapeleka kwingine, nitayapiga chapa, nitayapeleka gazetini."

"Wewe umepeleka maneno kwingine miaka yote," akasema. "Haya ni yangu. Nataka yaende pale pale."

Bi Amparo akafungua kalamu. Mama akatamka, na yule mwanamke akaandika kwa Kihispania bila kubadilisha herufi:

Mimi ni Cleofas Urrutia, mama wa Herlinda. Karatasi ya kwanza sikuelezwa. Nilidhani ni maziwa. Mtoto huyu alitembea ana miezi tisa. Ana miaka mitano alikuwa akinikumbusha nilikoweka vitu. Sikukubali. Nataka kujua ni nani aliyesema kwamba mimi nimekubali. Nasubiri jibu.

Akaweka jina chini ya maneno yale. Kisha akaigeuza, akaweka jina na mbele.

Ijumaa niliipeleka mwenyewe. Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye kaunta, shati limenigandia mgongoni. Karani akaitazama saini, akatazama tarehe, akagonga mhuri. Nikangoja aigeuze. Aliitupa kwenye trei, akaita anayefuata. Hakuigeuza. Nilitoka nje nikasimama kwenye nyasi zao, na sikujua nicheke au nirudi nimshike kola.

Jumatatu Herlinda alikaa na Bi Amparo kwa muda wa saa tatu. Walipotoka, wote wawili walikuwa wamekauka midomo. Nikauliza. Bi Amparo akasema matokeo hayasemwi koridoni, ila alitembea nami hatua kadhaa. "Ameniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza," akasema. "Alitaka kujua saa ile ya kubonyeza inafanyaje kazi. Ikabidi nianze kuhesabu upya."

Barua ilikuja Juni. Dada yangu hakupaswa kuwekwa chumba kile hata siku moja. Septemba aliingia darasa moja na Ofelia, akapewa kiti cha nyuma. Msitegemee niwaambie kwamba alikuja kuwa daktari. Miaka sita ya bata hairudishwi kwa barua. Alikuwa na miaka kumi na tatu na anasoma kwa kidole, na Ofelia aliona aibu kukaa naye. Alimaliza shule miaka miwili nyuma ya wenzake, lakini alimaliza. Hadi alipostaafu alisimamia pampu za maji za mashamba ya lozi, na wahandisi wenye vyeti walikuwa wakimpigia simu. Mpaka leo hununua vitabu vya shule vya darasa la pili na la tatu, vilivyochakaa, anavisoma kimoja kimoja mezani, mwanzo hadi mwisho. Simuulizi.

Bi Amparo alihamishiwa wilaya ya kaskazini mwaka uliofuata. Walioletwa baada yake hawakudumu.

Na mama akasubiri jibu.

Mwanzoni aliuliza kila wiki, baadaye kila mleta barua akipita. Mwaka 1988 nilikwenda ofisini kuulizia. Kijana wa pale alikuwa na adabu. Akaniambia mafaili yote ya miaka ile yalishateketezwa, ndiyo kanuni, hayawekwi zaidi ya muda fulani. Nikarudi nyumbani nikaingia jikoni, mama akanitazama, nikasema bado.

Nimewasema wakubwa wengi kwa uongo wao. Huu ni wangu, na nimeubeba miaka hii yote.

Sasa mama ana miaka tisini na tatu. Macho yamekwenda, lakini gari la barua analijua kwa muungurumo. Juzi lilisimama, likaondoka.

"Imekuja?"

"Bado, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, bila chuki, kama anawahurumia.

"Niliandika kwa Kihispania," akasema. "Watakuwa wanatafuta mtu wa kuwasomea."

"Siku hizi wanao, mama. Kila shule ina wake."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi haitachelewa," akasema, na akaomba nimgeuzie kiti kitazame barabarani.