Springi Isiyoshuka

1.

Kitendawili.

Itikieni basi, msinitazame tu. Kitendawili.

Anasafiri amelala chali, miguu imetangulia, wala si maiti.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimepewa Tabora, nimeenda, nimelamba asali, nimerudi. Jibu ni Kabula, mke wa Luhende, juu ya baiskeli aliyoundiwa na mumewe. Yaani angekuwa yeye, kama hiyo baiskeli ingekubali.

2.

Baiskeli ya kawaida Kabula haiwezi tena. Aliteleza kwenye tuta la jaruba akiwa na miche ya mpunga, na tangu hapo akikaa kwenye siti anahisi msumari kiunoni. Majaruba yake ya mpunga yako ng'ambo ya mbuga, mvua zimeshaanza, na kwa miguu hafiki.

"Nitakuundia ya kuendesha umeegemea," Luhende alimwambia, "kama mtu aliyejinyoosha kwenye kiti cha uvivu."

Alikuwa fundi mitambo kiwanda cha pamba mpaka kilipofungwa. Mtu wa aina hiyo ukimwambia mgongo unauma, haleti dawa. Analeta futi kamba.

3. *Yaliyoandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, bila ruhusa ya mwenye jiko*

GURUDUMU LA MBELE: dogo. LA NYUMA: kubwa.
PEDELI: mbele kabisa, juu kidogo ya kiti.
KITI: kilale, ila macho yaone njia.
MKONO WA NYUMA (unaoshika gurudumu): uchezee kwenye bawaba. Springi ya pikipiki iubebe.
MZIGO: kilo 78.
USIFUTE.

Na chini yake, mwandiko mwingine:

*mimi nipikie wapi*

4.

Bomba za fremu zilitoka wapi? Afadhali mmeuliza. Kabula alirudi kanisani akakuta godoro la wageni limesimamishwa ukutani kama mtu aliyefukuzwa kazi.

"Baba Minza, kitanda kiko wapi?"

"Kwani kuna mgeni?"

"Akija je?"

"Akija tutazungumza naye."

"Tutazungumza naye amelala wapi, wewe mwanamume, maana mimi—"

Msumeno ukaanza tena.

5.

Fremu ya kwanza ilikuwa fupi. Ukikata kona, kisigino kinagonga gurudumu la mbele.

Akairefusha. Ya pili haikugeuka uani. Ilibidi inyanyuliwe na watu kama ng'ombe aliyekwama topeni.

Ya tatu ilikata kona vizuri, lakini bawaba ya mkono wa nyuma aliiweka juu mno. Kila Kabula akikanyaga pedeli, mnyororo unauvuta ule mkono, kiti kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, na yeye juu yake kama kuku anayekunywa maji.

"Nimechoka kuitikia ndiyo," alisema, akashuka.

Luhende akaishusha bawaba mpaka pale mnyororo unapopita. Kiti kikatulia. Likabaki jambo moja.

Springi.

6.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
YAH: CHOMBO KISICHOFAHAMIKA

Wananchi wote mnataarifiwa kuwa chombo kinachoonekana barabara ya gulioni kikiendeshwa na mama aliyelala si ajali na hakihitaji kukimbiliwa. Waliopiga yowe juzi wanaombwa wasirudie. Mwenye chombo anaelekezwa kukifungia kengele na bendera ndefu, kwa kuwa kiko chini kuliko mbuzi.

Kwa utekelezaji.

7. *Mashineni, foleni ya kusaga*

— Umemwona Mama Minza?

— Nimeona miguu. Mwenyewe alifuata baadaye.

— Ila siku hizi ame...

— Amefanyaje?

— Hapana. Labda ni kile kiti.

8. *Springi, kama ingekuwa na mdomo*

Mimi ni chuma kilichosokotwa. Majina ya watu siyajui. Nikikaliwa na kilo sabini na nane nashuka upana wa kidole gumba, ndipo naweza kupokea mashimo ya njiani kabla hayajafika kwa aliyenikalia. Hivyo ndivyo nilivyopigiwa hesabu.

Nimekaliwa leo. Sijashuka.

Bado namsubiri huyo mtu.

9.

Springi isiposhuka, kila shimo linapanda moja kwa moja mgongoni. Kabula alirudi kutoka kwenye majaribio ameuma ncha ya kanga.

Luhende akailaumu bawaba, akaimwagia grisi. Akamlaumu muuza spea. Akafunga springi laini zaidi. Haikushuka. Akatafuta nyingine, laini kuliko hiyo. Wapi.

"Hesabu ni sahihi," alisema, huku anauzungumzisha ukuta. "Mzigo sabini na nane. Nilikuona kwa macho yangu unaning'inia."

Hakusema uongo. Zamani, msimu wa pamba ulipokwisha na robota la mwisho likaondoka, wanawake walikuwa wanajitundika mmoja mmoja kwenye ndoano ya mizani, na karani anasoma kilo kwa sauti kama anapanga daraja la pamba. Kabula alisomewa sabini na nane, akapigiwa vigelegele. Luhende akaishika namba ile kama jina la mtoto. Haikumpitia akilini kwamba namba nayo inaweza kuhama nyumba.

10.

Sogeeni karibu.

Chini ya kitenge, Kabula anavaa kanga. Chini ya kanga, sketi nzito. Chini ya sketi, kanga nyingine. Jua la Shinyanga mnalijua.

Tangu kipupwe mwili wake unaondoka bila kuaga. Alijipima kwa mnunuzi wa choroko, akajifanya anacheza na mizani, akasoma, akashuka haraka.

Dada yake Holo alianza hivyohivyo. Siku Holo aliposema kuwa anakonda, alilazwa chumba cha ndani, watu wakaanza kunong'ona mlangoni, na jembe lake likapewa mtu mwingine. Holo hakutoka tena kwa miguu yake. Kabula akaapa: mimi sisemi. Nipande mpunga wangu kwanza.

11.

"Mama Minza, simama kidogo. Una kilo ngapi sasa?"

Kabula akakikaza kitenge kiunoni.

"Nauliza kwa ajili ya springi."

"Springi, springi. Mimi ni gunia la pumba, unipime?"

"Ngapi?"

Akaenda kuchochea moto ambao haujawashwa.

12.

Asubuhi Luhende akafunga springi laini kuliko zote. Kabula akakaa.

Haikushuka.

"Hebu ondoka," mume akasema, na akakaa yeye, mwanamume mwembamba wa kilo hamsini na nane.

Ikashuka. Upana wa kidole gumba.

Hakuinuka upesi. Aliangalia kitenge cha mkewe, akaangalia kanga iliyochungulia chini yake, akaangalia na nyingine. Kisha akaenda ukutani, akafuta kwa kiganja.

MZIGO: kilo

"Ngapi, Kabula?"

Jina lake halisi hakuwa amemwita tangu mtoto wao Minza azaliwe.

"Nikikuambia utanilaza ndani kama Holo."

"Njia ya hospitali ina mashimo kushinda ya majarubani," Luhende akasema. Akaokota kipande cha mkaa. "Zote mbili zinataka springi yako. Nikikisia, nitakuumiza."

Kabula akafungua kitenge, akakitundika kwenye usukani. Akavua kanga. Akavua sketi nzito. Akabaki na kanga moja tu, imemzunguka kiunoni mara mbili na ncha inaning'inia.

"Arobaini na sita," akasema.