Kuni Kavu za Mkwe

Mama mkwe hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na dharau tu, na nyingi yake alimwekea mkwewe. Mwanamume mzima, kasoma mpaka macho yakaomba miwani, kazi yake kupanda mlimani kwenye ukungu kutazama magogo yanavyooza! Alimbandika jina la Profesa Gogo, na jina likamganda mpaka kwa majirani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na mwaka wa sita katika chumba cha nyuma, na jembe hakuwahi kuligusa. Binti alimtetea: taasisi ikishapokea sampuli za mumewe, atapewa kazi ya kudumu na nyumba. Wangehama mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa ameshapima dirisha la chumba hicho kwa pazia jipya, maana alitaka kuweka cherehani zake humo.

"Gogo limekufa, baba," alimwambia mezani siku moja. "Unatafuta nini kwa maiti?"

"Kaboni, mama. Mti ukianguka, kaboni inabaki ndani. Uyoga na wadudu wanautafuna taratibu. Nyingine inapanda hewani, nyingine inaingia udongoni. Kule juu kuna baridi, gogo linaweza kuikalia miaka mingi. Tunataka kujua mingapi."

"Kumbe unangoja kuni zioze." Akamsogezea chumvi.

Profesa Gogo akacheka. Hata kukasirika hajui, mama mkwe akawaza, akamdharau zaidi.

Jumamosi wenzake wa chama walikuwa njiani, gesi ikamwishia chai haijachemka. Mkaa nao hakuna. Chini ya ngazi palikuwa na boksi la Profesa, limejaa bahasha za kaki, na ndani ya kila bahasha vipande vya mti vilivyokaushwa vikakauka kabisa. Akavipanga jikoni. Viliwaka kwa njiti moja ya kiberiti. Wageni walisifu chai, naye akawasimulia habari za mkwe anayetia takataka kwenye bahasha, wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Alasiri mkwe na binti walifika na gari la taasisi kuchukua boksi. Mkwe alilikuta tupu. Akaenda jikoni, akachutama mbele ya majivu.

"Si vilikuwa vimeoza, baba?" mama mkwe akasema. "Kata vingine, mlima umejaa."

"Vya mwaka huu nitakata, mama. Vya mwaka wa kwanza nitavipata wapi? Kila mwaka nilikata kipande kwenye magogo yale yale, nione yamepungua kiasi gani. Gogo la wakati ule halipo tena." Hakupaza sauti. "Kaboni ya miaka yote hiyo imepanda hewani kwa birika moja la chai."

Aibu ilimshika mama mkwe, na hasira kwamba ni huyu aliyemtia aibu. "Sasa utafanyaje?"

"Naanza upya. Magogo mapya, tangu yanapoanguka."

"Yaoze tena?"

"Yaoze tena."

"Hayawezi kuharakishwa? Hata kwa kuyamwagia maji?"

"Kule juu kuna baridi, mama."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama mama yake. Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua masanduku aliyokuwa amekwisha kuyafunga, akaanza kurudisha nguo kabatini.