Shati la Marehemu Kwenye Kamba

"Umenivua nguo mbele za watu, halafu unaniuliza nimekasirika nini?"

Fundi cherehani wa chumba cha kwanza alikuwa amesimama uani na nguo mbichi begani, kibanio amemnyooshea mchekeshaji, mpangaji mwenzetu wa chumba cha mwisho. Wengine tulishatoka milangoni. Mimi niliacha maji yakichemka. Uhondo kama huo haurudiwi.

Kisa ni shati. Tangu afiwe na mumewe, mama huyu hulifua shati la marehemu kila wiki na kulianika, wezi wadhani ndani kuna mwanamume. Sote tulijua, tukajinyamazia. Mchekeshaji akalipandisha jukwaani, watu wakavunjika mbavu, na sasa hata watoto wa shule wakipita wanaliamkia: "Shikamoo, shati!"

"Mama, jina sikulitaja," mchekeshaji akajitetea.

"Kamba umeitaja! Mlango wa buluu umeutaja! Kimebaki nini, ufunguo? Mimi usiku nitalalaje?"

Mchekeshaji akanywea. Katika vichekesho vyake vyote, hicho ndicho pekee kilichowahi kumpa makofi.

"Basi nakifuta. Leo jioni sikisemi."

Fundi akamtazama, hasira zimeanza kumpungua. "Kwanza kiseme hapa. Nisikie walichochekea."

Akakisema: shati linavyoketi kunywa chai, linavyomkoromea muuza maziwa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Umekiharibu," fundi akasema. "Vifungo hukuvisema! Na kitambi kile cha mume wangu? Akipiga chafya, kifungo kinatua kwa jirani. Nimekishona mpaka sindano ikawa inaijua njia yenyewe." Akacheka peke yake, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati lile lile. "Ukimsema, mseme alivyokuwa. Na huko jukwaani, mlango wangu upake rangi nyingine."

"Na wezi je, mama? Niianike suruali yangu pembeni ya shati?"

Fundi akampima kwa macho, miguu ile kama vijiti.

"Hiyo? Watasema nimeolewa na mwavuli!"

Hapo ua mzima ukalipuka. Mchekeshaji naye akacheka, huku akiurudia mwavuli kimoyomoyo asije akausahau.

"Na huo nao unauiba, nakuona," fundi akasema, akisukuma mlango wake wa buluu. "Ingia ule, mwanangu, jukwaani hapandi mtu na njaa. Ila kiti cha dirishani usikikalie. Kina mwenyewe."