Alhamisi za Mtu Asiyekuwepo

Mume wangu alipoanza kurudi nyumbani kila Alhamisi akiwa na furaha, nilijua ana mwanamke. Munyao si mtu wa furaha za bure. Ni fundi wa milango na madirisha ya chuma hapa Kalamba, mtu mkubwa, mpole, anayeongea maneno kama ishirini kwa siku, na kumi kati ya hayo ni "sawa." Lakini Alhamisi, siku ambayo mzigo mpya huingia kwenye duka langu la mbegu na dawa za mifugo na siwezi kubanduka, alikuwa anafunga karakana saa nne asubuhi na kuniambia anaenda kupima dirisha la mteja. Kwa miezi mitatu alikuwa amepima madirisha kumi na mawili, na hakuna hata moja lililotengenezwa.

Nikamnusa. Hakuwa na manukato. Alinuka moshi wa kuni, na siku moja nikatoa ganda la mbaazi kwenye nywele zake. Nikajiambia, kumbe ni mwanamke wa shamba, tena mwenye bidii. Hilo lilinikera zaidi.

Sitadanganya kwamba mimi ni mtu wa subira. Alhamisi iliyofuata nilimwachia jirani yangu Ndila duka, nikajifunika leso kichwani, nikamfuata Munyao kwa mbali. Ndani ya mkoba nilikuwa na mwiko mkubwa wa kusongea ugali. Alipita shuleni, akashuka kwenye mto wa mchanga, akapanda ng'ambo ya pili. Hapo nikaanza kupunguza mwendo, kwa sababu njia ile naijua tangu nikiwa mtoto. Munyao akafungua lango la boma la mama yangu mzazi, akaingia bila kubisha.

Kama hutoki kwetu, hapa lazima nikueleze. Ukambani mwanaume na mama mkwe wake wana kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima ya kukimbiana. Hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama anayetafuta mbuzi. Wengi wameacha mambo hayo, na nina binamu ambao waume zao wanakumbatia mama mkwe hadharani, pasta akiwaangalia. Lakini Mama, anayeitwa Wayua, na mume wangu ni watu wa zamani wote wawili. Siku ya harusi yetu Mama alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Katika picha zetu zote kinachoonekana ni kiwiko chake. Tulikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa, na hawakuwa wametazamana hata siku moja.

Nikachungulia kwenye ua wa minyaa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na kwa mwaka mzima alikuwa haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Hatua nne kutoka kwake, juu ya jiwe, Munyao alikuwa na ungo wa ndengu mapajani, anachambua mawe. Hakuwa anasema lolote. Mama ndiye aliyekuwa anaongea, bila kupumzika, na kuku wake mwekundu.

"Wewe kuku," alisema Mama, "unajua paa ya choo inavuja? Mtu akipita hapa na nyundo si angeiona."

Munyao akaweka ungo chini, akanyanyuka kwa ncha za vidole, kilo zake tisini na zaidi, akaenda kuangalia paa la choo. Mama akangoja. Aliposikia amerudi kwenye jiwe, akaendelea na habari za kwaya, za bei ya ndengu, na za Baba, jinsi alivyoogopa sindano mpaka siku aliyokufa. Munyao alitabasamu akiutazama ungo wake. Kisha akapiga chafya. Chafya ya Munyao inajulikana Kalamba yote. Kuna mbuzi waliowahi kukata kamba kwa ajili yake.

Mama hakugeuza hata shingo. "Kuku, hiyo homa yako imezidi," alisema. "Nitaambia mtoto wangu Kanyiva akuletee dawa kwa duka."

Nilirudisha mwiko ndani ya mkoba. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nikila ndengu za Mama na sijawahi kuuma jiwe, na nilikuwa nimewaambia watu kanisani kwamba huo ni muujiza.

Jioni nilimweka Munyao kitini. Alikiri haraka, kama mtu aliyekuwa amechoka kubeba siri nzito.

"Nilipita siku moja kuangalia lango," alisema. "Nikamwona anapapasa ukuta, peke yake. Sikuweza kuondoka. Na nthoni ni ya macho, Kanyiva. Kama haoni, si ni kama sijaenda?"

"Anajua ni wewe."

"Hajui. Mimi huwa sisemi kitu."

"Munyao, ulipiga chafya."

"Alisema ni kuku," akajibu, na alikuwa anaamini.

Wiki ile ile tukatangaziwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja Kikima kwa siku tano kupasua watu wenye mtoto wa jicho. Nikaandikisha jina la Mama siku hiyo hiyo. Mwaka uliopita daktari alikuwa ameniambia akikawia sana jicho la kulia nalo litapotea, na la kushoto tayari hakulitilia matumaini. Nilifika kwa Mama nikiwa nimeshapanga hata nguo atakayovaa.

Akakataa. Kwanza alisema amezeeka, kuna kitu gani kipya cha kuona. Kisha akasema amesikia wanang'oa jicho la mtu na kuweka la mbuzi. Nikamwambia hakuna daktari mwenye kazi ya namna hiyo. Akasema barabara ya Kikima ina kona nyingi na atatapika. Nilipandisha sauti, na Mama akapandisha yake, kwa sababu hasira hii sikuiokota njiani. Mwisho akaanza kukunja pindo la kitenge chake.

"Baba yako akienda, hii boma ilinyamaza," alisema. "Wewe unakuja Jumapili na haraka yako, unauliza kama nimekunywa dawa, unaenda. Siku ya Alhamisi kuna mtu hapa. Mimi si mjinga, Kanyiva. Nikianza kuona, huyo mtu atarudi kwa kichaka. Wacha nikae tu na giza yangu, lakini niko na mtu."

Nilitaka kukasirika, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua vizuri, lakini nililia. Niliona aibu kwa zile Jumapili zangu. Na nilimpenda mume wangu saa hiyo kuliko siku ya harusi, na papo hapo nikamwonea wivu, kwamba mama yangu mwenyewe yuko tayari kuwa kipofu kwa ajili yake.

Nilimweleza Munyao yote. Kwa siku tatu hata "sawa" hakusema. Alhamisi asubuhi akaniomba twende pamoja nikasimame nje ya ua, akasema akiwa peke yake ataogopa. Akaingia, akakaa kwenye jiwe lake, akachukua ungo. Mama akaanza kumwambia kuku habari za mazishi fulani. Munyao akakohoa.

"Kuku," alisema.

Mama akakauka, mkono hewani. Kwa miaka kumi na minne sauti ile ilikuwa ikimfikia kupitia kwangu tu, kama barua.

"Kuku, mwambie mwenye boma aende Kikima," Munyao akaendelea. "Ile siku alishika sufuria ya moto, mimi niliona mkono ikienda. Niliona, na sikuweza kumshika. Nilikaa tu hapa kwa jiwe. Hiyo kitu inanisumbua sana."

Mama alitafuta kuku kwa macho yasiyoona, akamkosa, akaongea na hewa. "Kuku, mwambie huyo mtu, ambaye hata hayuko hapa, nikienda nitarudi naona. Na yeye atakuwa wapi?"

"Mwambie nitakuwa kwangu. Ni sawa. Heri aone bila mimi."

Kuku mwenyewe alipita katikati yao, akadonoa ndengu mbili kwenye ungo, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mnyaa, na utomvu wake ukaniwasha mkono wiki nzima. Mama alijifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mwambie Alhamisi iliyopita alichambua vibaya," akasema mwisho. "Jana nimeuma jiwe." Halafu, polepole: "Na umwambie nitaenda."

Kikima walimfanyia jicho la kulia. Kesho yake muuguzi alipotoa bandeji na kumwinulia vidole, akimuuliza anaona vingapi, Mama alisema ni vitatu na kucha zinahitaji kukatwa. Akanitazama mimi, akaniambia nimenenepa na nimezeeka, yote kwa pumzi moja. Wakampa miwani nyeusi avae wiki mbili, vumbi na jua visimwingie.

Alipofika nyumbani alikagua boma lote kama mtu wa afya ya umma. Aliona paa jipya la choo, lango lililonyooshwa, kamba ya nguo iliyofungwa kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni ili aishike akitembea. Alipomfikia kuku alisimama. "Huyu si kuku wangu," alisema. "Wangu alikuwa na kidole kimoja kimekatika." Baadaye Munyao alikiri kwamba kuku wa kwanza alichukuliwa na nguchiro mwezi wa tano, naye akanunua mwingine wa rangi ile ile, kwa kuogopa Mama atakosa mtu wa kuongea naye.

Alhamisi ya kwanza Munyao alishinda nyumbani akipaka rangi mlango wetu, ambao haukuwa na shida yoyote. Alhamisi ya pili aliupaka tena. Ya tatu nilimnyang'anya brashi kabla hatujashindwa kuufunga.

Jumapili hiyo nilienda kwa Mama, na safari hii nilikaa mpaka jioni. Wiki mbili za miwani zilikuwa zimeshapita, lakini alikuwa bado ameivaa, ndani ya jikoni, mbele ya sindano na uzi.

"Huyu kuku amekuwa bubu," alisema. "Na mimi na hii miwani sioni kitu. Giza tupu. Mtu anaweza kuingia hapa akae siku nzima na nisijue."

"Mama, unatunga uzi kwenye sindano."

"Napapasa," akasema, na uzi ukapita kwenye tundu kwa mara ya kwanza.

Nilimpelekea Munyao ujumbe huo neno kwa neno. Alisikiliza, akaniuliza kama daktari ndiye aliyesema miwani isivuliwe. Nikamwambia daktari alisema wiki mbili, ila Mama anasema ni mpaka Yesu arudi. Alhamisi alioga saa kumi na moja asubuhi, akavaa shati lake la kaki, lile lililokuwa na pengo la kifungo kifuani tangu mwaka jana. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi kwamba ana mikono na sindano anajua ilipo.

Alirudi jioni ananuka moshi. Alikuwa ametengeneza banda la mbuzi, na alisema alivua shati na kulitundika kwenye kamba ili lisichafuke. Nikamtazama kifuani. Kwenye pengo palikuwa na kifungo chekundu, kikubwa, kilichoshonwa kwa uzi mweupe, imara kabisa. Kilikuwa cha sweta ya Mama ya kanisani, ile anayoipenda kuliko zote.

"Ni nani amekushonea?" nikamuuliza.

Munyao alikishika kile kifungo kwa vidole viwili, akakigusagusa, macho yamemlowa.

"Kuku," akasema.