Solo ya Mzee Jeconia

Wanabendi wa Mwakingali Boys walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mama wa watoto watatu, kwa hivyo hata jina lenyewe lilianza na uongo. Huyo mama ni Tryphena, mwenye saluni karibu na steji ya Wundanyi pale Voi. Yeye ndiye aliyepiga ngoma, na usije ukamwambia ngoma ni kazi ya wanaume kama bado unayapenda meno yako. Mwandawiro, karani wa kaunti, aliimba, akapiga besi, na miksa ya sauti ilikaa ubavuni pake asiiguse mtu mwingine. Sylus, mwalimu wa hesabu, alipiga gitaa la pili. Na mbele yao wote, macho yamefumbwa, kofia imelalia sikio, alisimama mzee Jeconia na gitaa la solo.

Bendi yenyewe, tusidanganyane, haikuwa ya kutisha. Kule Mwatate walipiga saa nzima wateja wakitazama mpira, na goli lilipoingia Mwandawiro akainamisha kichwa kushukuru, akidhani wanaushangilia wimbo. Mboghoni walichomeka nyaya zao kwenye stima ya shambani, jirani akawasha pampu ya maji, spika ikakohoa mara moja ikafa. Kishushe ndiyo usiseme. Gari liliwaharibikia njiani, wakafika kesho yake, wakawapigia wachimba mawe watatu na mbuzi mmoja, na mbuzi ndiye aliyekaa mpaka mwisho. Lakini wikendi ikifika, hao, wamebeba vyombo tena. Watu wengine hawafunziki.

Jeconia naye hakuwa na kingine. Alikuja Voi kijana, akafanya kazi kwenye karakana ya reli miaka thelathini na mmoja, akastaafu. Mkewe alipofariki alimzika kwao Alego, akarudi Voi bila chozi hata moja, na mwenyewe hakujua kwa nini. Tangu hapo siku zilikuwa zikimpitia tu. Kila Jumapili asubuhi binti yake Awuor alimpigia simu. "Baba, rudi nyumbani. Chumba chako kiko tayari. Unafanya nini huko kwa watu?" Na kila Jumapili alimjibu, "Niko na bendi, mama. Siku nitakayoacha kupiga, nitakuja." Hilo tu ndilo lililomweka Voi. Ukimwondolea solo, humwachii hata sababu ya kuvaa viatu.

Basi ikaja sukari. Ilimwanzia miguuni, kisha ikamfika vidole vya mkono wa kushoto, vile vya kubana nyuzi. Vikafa ganzi. Alishika kikombe cha chai ya moto akawa anakitazama kwa macho ajue kama kinamchoma. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, ili waanze kumtafuta mwingine wa kushika nafasi yake? Lakini Pasaka ile, kwenye harusi moja ya Bura, alipiga wimbo mzima vidole vikiwa si mahali pake, mpaka bibi harusi akageuka kumwangalia. Jeconia alirudi nyumbani akijua yamekwisha.

Wiki iliyofuata alienda kwa kujikaza tu. Akafumba macho, akapiga. Ala! Spika nyuma yake ikatoa sauti safi, kila nota mahali pake, pamoja na ile mikato yake ya zamani. Vidole havikusikia kitu, ila masikio yalisikia, na mtu aliyenyimwa vidole ataamini nini tena? Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Miezi mitatu ilipopita akamwambia daktari wa kliniki kwamba dawa zimefanya kazi. Daktari akamdunga ncha ya kidole kwa sindano, akamuuliza kama anasikia.

"Hapana," Jeconia akasema. "Lakini nikishika gitaa, vinajua kazi."

Kitu kimoja tu kilimkera. Gitaa la pili lilikuwa limepotea.

"Sylus, unajificha wapi siku hizi?" alimfokea. "Sikusikii kabisa! Solo naisikia, ngoma naisikia, wewe uko kama hujaja. Hebu piga, bwana!"

"Sawa, mzee," Sylus alijibu, akainama kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Tryphena akapata kitu cha kutafuta chini ya ngoma.

Mwezi wa Septemba ndipo Mama Auma alipowaita Miasenyi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa magharibi, wale wa reli na wa mashamba ya katani, na sherehe yao ilikuwa Jumapili mchana kwenye baa moja kando ya barabara kuu. Jeconia alifua shati jeupe akalipiga pasi mara mbili. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapigia Wataita, watu wazuri, hana neno nao, lakini hawa sasa walikuwa wa kwao.

"Watu wa kwetu husikiliza solo kabla ya mwimbaji," aliwaambia ndani ya gari. "Leo, Mwandawiro, wewe ni msindikizaji tu. Jitayarishe."

Mwandawiro, aliyekuwa akiendesha, akabadilisha gia. Jeconia alijua kwamba siku kama hiyo alipaswa kufurahi. Aliingoja furaha njia nzima na haikuja, akajiambia itamkuta hukohuko.

Nyimbo mbili za kwanza ziliwatoa watu vitini. "Jamani, solo hiyo!" mtu akapiga kelele, na Jeconia akaisikia, macho yakiwa yamefumbwa. Katikati ya wimbo wa tatu Mama Auma akasimama, akanyoosha mkono juu.

"Simamisheni!"

Wajaluo wana mtindo wao, wauita pakruok. Mtu anausimamisha muziki, anajisifu, anasifu alikotoka, na solo inamjibu peke yake huku vyombo vingine vyote vikinyamaza. Jeconia aliyajua hayo tangu utotoni. Mwandawiro hakuyajua. Kwao milimani kwa Wataita wimbo ukianza unaachwa uende, na katika mipango yake yote hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu wa kuusimamisha. Tryphena akakata ngoma. Besi ikanyamaza. Mama Auma alimwelekezea Jeconia kidole, yeye na si mwingine, na Sylus akaondoa mkono kwenye nyuzi.

"Mimi ndiye Auma, binti wa Alego!" mama akasema, kwa Kijaluo kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie. "Niliyekuja na sanduku moja! Niliyesomesha watoto sita kwa kuuza samaki hapa Miasenyi pasipo na ziwa! Nijibu, mpiga solo!"

Jeconia akamjibu. Jibu alikuwa nalo tayari tangu Voi. Lori lilikuwa likipita, kwa hivyo hakushangaa kutosikia kitu. Lori likaishia mbali, na bado hakusikia kitu. Akafumbua macho. Akautazama waya wake, umechomekwa. Taa ya miksa ilikuwa inawaka. Akapiga tena kwa nguvu zote, na kikatoka kile kilio chembamba cha chuma kitupu, kisichofika hata meza ya kwanza.

Akageuka. Sylus alikuwa amelikumbatia gitaa lake, anatazama sakafu. Tryphena alikuwa analia waziwazi, vijiti viko mapajani. Ndipo Jeconia alipoelewa ni solo ya nani aliyokuwa akiisikia miezi yote hiyo, na gitaa la pili lilikuwa limekwenda wapi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Pasaka, mzee." Mwandawiro alikuwa ananong'ona. "Sisi tungefanyaje? Tungekwambia, ungeenda kwenu. Hatukutaka uende."

Miezi mitano. Jeconia aliitafuta hasira asiione. Aliitafuta aibu, nayo hakuiona. Watu walikuwa wamesimama wanangoja, na mkono wa Mama Auma ulikuwa bado uko juu.

"Nifungulie sauti," akasema.

"Mzee, watu wanangoja. Wacha tu Sylus ammalizie mama..."

"Nifungulie, Mwandawiro."

Mwandawiro akamfungulia. Jeconia akapiga, safari hii macho wazi. Ilikuwa mbaya, wala tusiipambe. Nota moja ilitoka, mbili zikafa, ya nne ikaangukia kwa jirani. Nyuzi zilikoroma mahali zilipotakiwa kuimba. Huko nyuma mtu alicheka, akapigwa kiwiko akanyamaza. Mzee hakuacha, kwa maana sifa ikishatolewa lazima ijibiwe mpaka mwisho, na yeye akaijibu mpaka mwisho, anaisikia yote.

Mama Auma alikuwa ameushikilia mkono wake juu wakati wote huo, kwa heshima. Sasa akaushusha.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema polepole. "Umenijibu." Kisha, kwa kuwa naye alikuwa na masikio, akauliza, "Na yule aliyekuwa anatupigia tangu tuketi, ni nani?"

Sylus hakuinua uso.

"Ni huyu," Jeconia akasema. "Anaitwa Sylus, mwalimu wa kule Mgange. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Basi na yeye anijibu."

Akaanza upya, sanduku, samaki, watoto sita. Sylus alimtazama mzee kwanza. Mzee akamwambia, "Jibu, kijana, usimweke mama wa watu." Sylus akapiga. Alipanda juu akaichelewesha nota ya mwisho, akaining'iniza kidogo kabla ya kuiachia, jambo ambalo Jeconia aliamini dunia nzima ni yeye tu anayelifanya. Watu wakapiga vigelegele. Hapo ndipo uchungu ulipompanda Jeconia, uchungu wa kweli wa mtu mzima, na alishangaa kuukuta bado upo.

Ngoma ikaingia, besi ikaingia, watu wakarudi kucheza. Mwandawiro akamsogelea huku akipiga, akamwinamia sikioni.

"Mzee wangu, kaa chini kidogo upumzike."

Jeconia akaviangalia viti vya ile baa, kimoja kimoja. Tangu awe kijana hakuwahi kujua mtu huketi wapi muziki unapopigwa.

"Nikae wapi?" akasema. "Nifungie tu."

Mwandawiro alisita, kisha akateremsha sauti ya gitaa la mzee kwenye miksa mpaka chini kabisa. Jeconia akawageukia watu wa kwao, akabana nyuzi, akapiga naye mpaka sherehe ilipokwisha.