Uchafu wa Jirani Kwenye Tuta la Mchicha

Fundi cherehani na mumewe, dereva wa lori, walikuwa wamengoja miaka miwili tangu wapeleke maombi ya kuasili mtoto. Hatimaye wakaambiwa afisa ustawi atakuja Alhamisi kukagua nyumba. Fundi akachora bustani ya uani juu ya karatasi ya kukatia mitindo: mchicha kando ya ukuta, nyanya katikati, karoti karibu na mlango ili mtoto azing'oe mwenyewe.

Jumatano asubuhi jembe lake likazama kama limepiga uji. Likatoka na tope jeusi, nywele zilizoviringana na nepi iliyojaa funza. Uvundo ukampanda puani. Akatapika palepale, juu ya viatu vyake.

"Shimo la choo la jirani limepasuka," mumewe akasema, kajifunga shati puani. "Linamwagikia kwetu."

Jirani alipoitwa akachungulia juu ya ukuta, akacheka. "Si mbolea hiyo, shemeji? Mboga zitanona!"

Mchana akaja wifi, dada mkubwa wa mume. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, akalitazama shimo, kisha akamtazama Fundi aliyechafuka mpaka viwiko.

"Yote haya kwa ajili ya mtoto wa kuokota? Hujui katoka tumbo la nani. Damu ya watu inanuka, wifi. Utamwogesha mpaka uchoke."

Fundi akalaza jembe chini.

"Nimeshika mavi tangu asubuhi," akasema, "na sijaona kinyaa kama sasa hivi. Nenda kwako, wifi."

"Mdogo wangu, unasikia mkeo anavyonifukuza?"

"Nasikia, dada," mume akajibu, koleo mkononi. "Ukitoka urudishie geti."

Afisa alipofika, Fundi hakuficha kitu. Alimpeleka moja kwa moja uani. Afisa akaziba pua, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapa mtoto hachezi."

"Hata mimi nisingemwacha acheze hapa."

Afisa akaandika, akawapa mwezi mmoja, kisha akaenda mwenyewe kumleta bwana afya. Jirani akalazimishwa kujenga shimo jipya, safari hii bila kucheka. Udongo ule ukazolewa wote, lakini Fundi hakuweza tena kula kitu cha pale. Wakapanda mboga kwenye magunia mbele ya nyumba. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinusa vidole vyake kabla ya kushika nguo ya mteja.

Mtoto alikuja miezi minne baadaye, binti wa miaka minne, kimya kabisa. Siku hiyo ya kwanza alizunguka magunia peke yake, halafu akamjia Fundi na ngumi imefumbwa. Akaifungua juu ya kiganja cha Fundi: konokono asiye na gamba, mnene, anavuja ute.

"Wako huyu."

Fundi akasisimkwa mwili mzima, mate yakamjaa mdomoni. Akayameza. Hakuukung'uta mkono.

"Asante, mama," akamwambia. "Tumweke wapi?"