Uso Usiokwenda Kombo

Sundus alimtaka Ghazwan, lakini mjini Amara msichana hasemi neno kama hilo. Watu wa mwanamume wakija kuposa, yeye huleta chai, huinamisha macho na kutabasamu kidogo: hilo ndilo jibu lake la kukubali. Yaliyobaki humalizwa na wakubwa.

Siku ya posa uso ulimgomea. Alikuwa ametoka kuugua tumbo, miguu bado ina ganzi, na asubuhi ile midomo ikawa kama si yake. Alipita na sinia, akatazamwa, hakutabasamu. Mama Ghazwan aliiacha chai yake ikapoa.

"Ametununia kama tumekuja kudai!" alisema mlangoni, makusudi asikike.

"Umetuvua nguo mbele za watu," mama yake Sundus akafoka.

Sundus alijitetea kwamba uso haumtii. Nani amsadiki? Uso uliopooza kila mtu Amara anaujua: mdomo huenda kombo. Wake ulikuwa umenyooka, basi ni kiburi. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo walivyoona.

Shangazi yake Khairiya ndiye aliyemkuta amelala usingizi, macho yote mawili wazi. Akampeleka kwa Sayyid Jabbar, anayetibu nyuso zilizokwenda kombo kwa kofi la ndara. Mzee akainua ndara.

"Umeenda upande gani?"

"Haujaenda popote, Sayyid."

"Sasa nimpige wapi?" Akaivaa ndara yake. "Mpelekeni hospitali."

Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, miguu haikuruka.

"Uso ukipooza upande mmoja, mara nyingi ni neva moja imevimba," alisema. "Pande zote mbili, lazima tutafute chanzo. Kinga ya mwili wako ilipigana na vijidudu vya tumbo, sasa inazishambulia neva zako. Wengi hupona, ila taratibu."

Akatundikiwa dripu, akatiwa matone machoni. Pumzi yake ilipimwa kila mara, maana ugonjwa huu huua kwa kukata pumzi.

Habari zikamfikia Mama Ghazwan, akaja wodini na machungwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani umetukataa. Sasa tuseme umekubali?"

Sundus akanyamaza, kama alivyolelewa. Mama Ghazwan akatafuta tabasamu usoni mwake, asilione. Akashusha pumzi, akainuka, akauchukua mkoba wake.

"Namtaka," Sundus akasema, mate yakimchuruzika, wodi nzima ikisikia. "Namtaka mwanao, mama."

Mama yake Sundus, aliyekuwa kando ya kitanda, akajifunika baibui usoni kwa aibu. Mama Ghazwan akaketi tena.